Umeongeza viini, simulesheni ya maji ya chini ya ardhi haijaongeza kasi: mwongozo kamili wa kupima na kurekebisha

Malalamiko huwa yale yale. "Modeli yangu kwa viini 32 ilichukua saa nne. Nimeweka 128, imechukua saa nne na nusu. Hii klasta ni mbovu." Nimeyasikia mara nyingi hadi siku hizi nauliza swali moja tu: kabla ya kuongeza, ulipima nini? Hapo kimya kinatanda.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye modeli yake tayari inafanya kazi. Maji yanatiririka, kichafuzi kinasafiri, matokeo yanaeleweka, ila mwendo ni wa kobe. Amri nilizotumia ni za PFLOTRAN, programu ya simulesheni za chini ya ardhi, kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa kila mtu na hesabu zake ngumu hutatuliwa na maktaba ya PETSc. Ukitumia ParFlow, TOUGH3, OpenGeoSys au MODFLOW 6, majina ya amri yatabadilika, mantiki haibadiliki.

Ninaposema kiini, namaanisha sehemu moja ya prosesa inayofanya hesabu. Klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, na nodi ni kompyuta moja ndani yake. Mchakato ni nakala moja ya programu inayofanya kazi kwenye kiini kimoja na kuwasiliana na wenzake kwa MPI, yaani mfumo wa michakato kutumiana ujumbe.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Modeli inayokamilika bila hitilafu, na ambayo unajua uwiano wake wa maji na wa kichafuzi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.
- Matokeo ya marejeo yaliyohifadhiwa mahali salama. Kila utakachobadilisha kitalinganishwa nayo.
- Nodi mbili au zaidi ambazo ni zako peke yako wakati wa kupima. Mtu mwingine akiwa kwenye nodi hiyo hiyo, namba zako hazina maana, kwa sababu atakula kipimo data cha kumbukumbu, yaani kasi ya data kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye viini, bila wewe kumwona.
- Kompaila na MPI ambazo unajua zimetoka wapi.
- Lahajedwali tupu.
- Siku mbili. Ndiyo, mbili. Ukiwa na haraka utarudi kulekule kwenye kubahatisha.

## Hatua ya 1: Kagua jinsi programu ilivyojengwa

Anza hapa hata kama unaona ni kujidharau. PETSc ikijengwa kwa chaguo lake la kawaida huja na ukaguzi wa makosa ndani yake, na ukaguzi huo hula muda. Kwa kazi ya kweli ijengwe upya:

```
./configure --with-debugging=0 COPTFLAGS="-O3" FOPTFLAGS="-O3"
```

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku tatu nikiulaumu mtandao wa klasta, nikiandikia wasimamizi barua pepe za hasira, kumbe nilikuwa naendesha toleo la ukaguzi. PETSc ilikuwa imeniandikia onyo kubwa lenye fremu ya alama za # kwenye ripoti ya mwisho. Sikusoma.

Kosa la pili la hapa ni baya zaidi kwa sababu halitoi onyo lolote. Programu imejengwa kwa MPI moja, wewe unaiendesha kwa `mpirun` ya MPI nyingine iliyo kwenye mfumo. Matokeo yake kila mchakato unajiona uko peke yake. Ukiomba 32, unapata simulesheni 32 zinazofanana kila kitu, kila moja ikitatua modeli nzima na zote zikigombania faili moja la matokeo.

Dalili yake: kila mstari kwenye skrini unajirudia mara 32.

Umefaulu ukiona mistari inatoka mara moja tu, ripoti inataja idadi sahihi ya michakato, na hakuna onyo la ukaguzi.

## Hatua ya 2: Chagua kipande cha kupimia

Usipime kwa simulesheni nzima ya miaka 100. Utachoka kabla hujafika popote. Lakini pia usipime kwa hatua kumi za mwanzo, na hapa wengi hujikwaa. Mwanzoni modeli bado inatulia: hatua za muda ni ndogo mno, kichafuzi kiko kwenye seli chache (vipande vidogo vya gridi ya modeli), kemia haijaanza kuhangaika. Kasi ya pale si kasi ya katikati ya safari.

Endesha simulesheni hadi kichafuzi kimesambaa vya kutosha, hifadhi hali yake kwenye faili la kuanzia upya, kisha kila jaribio lianzie hapo na liende hatua za muda 50 hadi 100. Zima uandishi wa matokeo kwa sasa. Diski tutaishughulikia kivyake.

Umefaulu ukiona jaribio moja linachukua kati ya dakika tano na thelathini, na ukilirudia mara tatu muda unatofautiana kwa asilimia mbili tatu tu. Tofauti ikifika asilimia 15, kuna mtu kwenye nodi yako au michakato inahamahama. Nenda hatua ya 4 kwanza, kisha urudi.

## Hatua ya 3: Vunja muda katika vizidishi vinne

Ukiruka hatua hii, zilizobaki ni ramli. Newton ni mbinu ya kulikaribia jibu la milinganyo kwa kurudia; solva ni sehemu inayotatua mfumo wa milinganyo ya mstari ndani ya kila rudio. Muda wa simulesheni ni zao la vitu vinne:

hatua za muda × marudio ya Newton kwa kila hatua × mizunguko ya solva kwa kila rudio × sekunde kwa kila mzunguko

Viini vingi vinapunguza kizidishi cha mwisho peke yake. Vitatu vya kwanza ni vya hisabati na fizikia ya modeli yako. Ukiongeza viini, cha tatu mara nyingi *kinapanda*. Basi mtu anayeongeza viini bila kuangalia vizidishi vingine ni kama anayepiga kasia kwa nguvu huku mtumbwi umefungwa gatini.

Endesha hivi:

```
mpirun -np 16 pflotran -input_prefix modeli -log_view
```

Kwenye maandishi ya skrini utapata idadi ya hatua za muda, marudio ya Newton, mizunguko ya solva, na hatua zilizokatwa, yaani zile ambazo Newton ilishindwa, zikatupwa, zikaanzwa upya kwa muda mfupi zaidi. Andika zote, na utenganishe za mtiririko na za usafirishaji kwa sababu tabia zao hazifanani hata kidogo.

Hatua zilizokatwa zitazame kwa jicho la ukali. Hatua inayokatwa hugharimu kuliko inayofaulu, maana humaliza marudio yote iliyoruhusiwa ndipo itupwe. Ukiona zinakatwa kila mara, usiguse viini kwanza. Tafuta seli inayosumbua. Aghalabu ni seli ya kisima, au seli inayokauka na kulowa tena karibu na uso wa maji, au mpaka ambapo shinikizo limebadilishwa ghafla. Nimeona simulesheni ikipungua nusu ya muda wake kwa kuweka mvua iingie taratibu badala ya kuimwaga yote kwa mkupuo. Hakuna kiini hata kimoja kilichoongezwa.

Umefaulu ukiwa na mstari wa kwanza wa jedwali: viini, sekunde kwa jumla, hatua za muda, Newton, mizunguko, zilizokatwa, na sekunde kwa kila mzunguko.

## Hatua ya 4: Jua nodi moja inaweza kubeba nini

Kwa nini viini 32 vya nodi moja visiwe na kasi mara mbili ya viini 16 vya nodi hiyo hiyo? Kwa sababu kazi kubwa ya solva ni kuzidisha matriksi iliyojaa sifuri kwa vekta, na kazi hiyo inangoja kumbukumbu kuliko inavyongoja hesabu.

Tupige hesabu yenyewe. Chukua gridi ya seli 200 × 120 × 80, yaani seli 1,920,000. Kila seli inahusiana na majirani sita na yenyewe, hivyo namba saba kwa kila mstari wa matriksi. Kila namba ni baiti 8, na baiti 4 za kuonyesha iko safu gani. Saba mara 12 ni baiti 84 kwa seli. Zidisha kwa seli zote: takriban megabaiti 161 zinasombwa kutoka kwenye kumbukumbu kwa kila uzidishaji mmoja, na kila namba iliyosombwa inafanyiwa hesabu mbili tu, kuzidisha na kujumlisha. Viini vinakaa na ndoo mkononi vikisubiri bomba.

PETSc ina kipimo chake cha bomba hilo. Ingia kwenye saraka yake kisha:

```
make streams NPMAX=32
```

Kitakupa kasi ya kumbukumbu kwa kiini kimoja, viwili, hadi 32. Pale mstari unapolala ndipo nodi imeshiba. Ikiwa ni kiini cha 12, basi viini 20 vilivyobaki havitaisaidia solva ya mtiririko kwa lolote la maana. Vinaweza kusaidia kemia, ambayo ni hesabu nyingi kwa data kidogo.

Kisha funga kila mchakato kwenye kiini chake usihamehame:

```
export OMP_NUM_THREADS=1
mpirun -np 16 --bind-to core --map-by socket --report-bindings pflotran ...
```

Hizo ni za Open MPI. Ile `--map-by socket` inagawa michakato kwenye prosesa zote za nodi kwa zamu, ili mabomba yote ya kumbukumbu yatumike. Bila hiyo michakato 16 inaweza kujazana kwenye prosesa moja, nyingine imelala. Mstari wa `OMP_NUM_THREADS` nao si pambo: maktaba fulani za aljebra huzalisha nyuzi zake kimyakimya, na ghafla viini 16 vinafanyishwa kazi ya 256.

Umefaulu ukiona kwenye orodha ya ufungaji kila mchakato una kiini chake, na muda wa jaribio haurukiruki tena.

## Hatua ya 5: Ongeza mara mbili, mara mbili

Modeli ile ile, kipande kile kile, viini 16, 32, 64, 128, 256. Kila jaribio mara tatu, chukua la katikati. Jedwali lako litafanana na hili, ambalo namba zake nimezipanga kwa ajili ya kufundishia:

| Viini | Seli kwa kiini | Sekunde | Mizunguko ya solva | Milisekunde kwa mzunguko | Ufanisi |
|---|---|---|---|---|---|
| 16 | 120,000 | 1,600 | 20,000 | 80 | 100% |
| 32 | 60,000 | 840 | 21,000 | 40 | 95% |
| 64 | 30,000 | 483 | 23,000 | 21 | 83% |
| 128 | 15,000 | 312 | 26,000 | 12 | 64% |
| 256 | 7,500 | 310 | 31,000 | 10 | 32% |

Ufanisi ni kasi uliyopata ukigawanya kwa kasi uliyostahili. Viini 32 vingestahili sekunde 800, vimetoa 840.

Tazama safu ya mwisho ya viini, ile ya 256. Mtu asiye na jedwali ataona 312 na 310 na kusema mtandao umechoka. Jedwali linasema mengine. Kizidishi cha nne kilipaswa kuwa milisekunde 5, kimekwama 10: hapo mashine ina kesi. Lakini mizunguko nayo imepanda kutoka 20,000 hadi 31,000. Kama ingebaki 20,000, kazi ingeisha kwa sekunde 200. Sekunde 110 zimeliwa na hisabati, na hakuna msimamizi wa klasta anayeweza kukurudishia.

Watengenezaji wa PETSc wanashauri usishuke chini ya visivyojulikana 10,000 kwa kila mchakato, na ikiwezekana ubaki na 20,000 au zaidi. Zingatia neno *visivyojulikana*, si seli. Mtiririko wa maji peke yake una kimoja kwa seli, yaani shinikizo. Usafirishaji wenye kemia ya viambajengo 15 una 15 kwa seli. Kwa viini 256, mtiririko una 7,500 kwa mchakato, umeshakonda; usafirishaji una 112,500, bado mnene. Ndiyo maana kwenye modeli moja utakuta kemia inaendelea kupata kasi huku mtiririko umegoma. Ukizijumlisha pamoja hutaona lolote.

Sheria ya Amdahl, ya mwaka 1967, nayo iko hapa. Asilimia 5 ya kazi ikiwa haigawanyiki, viini 64 vinakupa kasi mara 15.4. Viini 128? Mara 17.4. Umelipa viini mara mbili, kasi imepanda kutoka 15.4 hadi 17.4 *tu*. Hata viini milioni havitavuka mara 20.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja ni kizidishi gani kinakwamisha, na kuanzia viini vingapi.

## Hatua ya 6: Tibu kulingana na dalili

### Mizunguko inapanda

PFLOTRAN kwa kawaida hutumia solva ya BiCGStab pamoja na prikondishona, yaani hesabu ya maandalizi inayoilainisha milinganyo ili solva ifike haraka. Ya kawaida ni Jacobi ya vitalu yenye ILU (njia ya kuivunja matriksi kwa makadirio): kila mchakato unashughulikia kipande chake na kujifanya majirani hawapo. Vipande vikiwa vikubwa, inafaa. Vikiwa vidogo na vingi, habari ya shinikizo inachukua mizunguko mingi kuvuka modeli, kipande kwa kipande, kama barua inayopita mkono kwa mkono.

Na shinikizo ndilo lenye tabia hiyo: ukivuta maji kisima kimoja, modeli nzima inahisi. Kichafuzi sivyo. Ndani ya hatua moja ya muda kinasogea seli chache, majirani wa mbali hawajali. Kwa hiyo tibu mtiririko, uache usafirishaji:

```
-flow_ksp_type bcgs -flow_pc_type hypre -flow_pc_hypre_type boomeramg
```

Hii ni prikondishona ya gridi nyingi. Inatengeneza gridi zenye seli kubwa zaidi na zaidi juu ya gridi yako ili habari ivuke modeli kwa mruko mmoja. Kila mzunguko unakuwa ghali, lakini mizunguko inaweza kushuka kutoka mamia hadi makumi. PETSc lazima iwe imejengwa pamoja na hypre, maktaba yenye prikondishona hiyo.

Onyo: usiiweke kwenye mifumo ya maji na gesi kwa pamoja bila kufikiri. Pale shinikizo na ujazo wa gesi vimechanganyika kwenye matriksi moja, na gridi nyingi haipendi mchanganyiko huo. Huko hutumika mbinu ya hatua mbili iitwayo CPR, inayolitoa shinikizo kando kwanza, kisha kuutibu mfumo mzima kwa ILU.

Angalia pia ukali uliouomba, yaani kosa lipungue hadi kiasi gani ndipo solva isimame. Kuna watu huweka 1e-12 "kwa usalama". Solva inahangaika mizunguko mingi kutafuta tarakimu ambazo rudio linalofuata la Newton litazifuta. Chaguo la kawaida la PETSc ni 1e-5 kwa uwiano na ni pa kuanzia pazuri. Ukilegeza mno, Newton itaongeza marudio, na faida yote itatoka kwa mlango wa nyuma.

Baada ya kila badiliko, linganisha na matokeo ya marejeo na uangalie uwiano wa kichafuzi. Kasi iliyopatikana kwa kupoteza kichafuzi njiani si kasi.

### Mizunguko ile ile, lakini kila mmoja hauharakishi

Fungua ripoti ya `-log_view`. Kila tukio lina muda mkubwa kabisa kati ya michakato na uwiano wa mkubwa kwa mdogo. Uwiano wa 1.0 maana yake wote wamefanya sawa. Ukiwa 2.5 kwenye `SNESJacobianEval`, yaani kazi ya kujenga matriksi ya Newton, kuna mchakato uliofanya kazi mara mbili na nusu ya mwenzake.

Na hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Mchakato uliomaliza mapema haukai bure kwenye ripoti. Unakwenda kungoja pale wote wanapokutana, na mahali hapo ni `VecDot` au `VecNorm`, pale namba moja inajumlishwa kutoka kwa wote. Kwa hiyo ripoti inaonyesha `VecNorm` imekula asilimia 30, na mtu anakimbilia kulaumu mtandao. Mtandao haujafanya kosa. Wanaongoja wamehesabiwa mahali pa kungojea, mchelewaji yuko kwingine. Endesha tena ukiongeza `-log_sync`, itenganishe kungoja na mawasiliano yenyewe.

Wachelewaji huwa wa aina mbili. Kwanza, gridi ya mraba yenye seli zisizotumika, labda mwamba au hewa juu ya ardhi: mchakato mmoja unapata seli 15,000 zote hai, mwingine 4,000 tu. Tiba ni gridi isiyo ya mraba, yenye seli hai peke yake, igawanywe na ParMETIS, maktaba ya kugawa gridi kwa michakato. Pili, kemia: seli zilizo kwenye ukingo ambapo madini yanayeyuka zinahitaji marudio mengi kuliko zilizotulia nyuma. Hilo halina tiba rahisi kwa sababu ukingo wenyewe unatembea. Likubali, au punguza viini.

Ikiwa uwiano uko karibu na 1 na bado `VecDot` ni kubwa, basi ni mikutano yenyewe. BiCGStab ya kawaida huitisha mikutano mitatu au minne kwa kila mzunguko. Jaribu `-flow_ksp_type ibcgs`, iliyopangwa upya iitishe mmoja. Kwa viini 64 huenda usione tofauti. Kwa maelfu, utaiona.

## Hatua ya 7: Amua wewe jinsi gridi inavyokatwa

Kila mchakato hubeba nakala ya seli za mpakani za majirani. Kipande cha mchemraba wa seli 50 kila upande kina seli 125,000 na mpakani 15,000, yaani asilimia 12. Cha seli 10 kila upande kina seli 1,000 na mpakani 600. Asilimia 60! Zaidi ya nusu ya ukubwa wake ni mambo ya majirani.

Ila usikimbilie kukata michemraba mizuri. Modeli za maji ya ardhini ni bapa. Tuseme seli ni mita 50 kwa 50 na kina cha mita 1, na upitishaji wa wima ni sehemu ya kumi ya ule wa mlalo. Uhusiano wa wima ni eneo 2,500 gawanya kwa 1, mara 0.1, ambao ni 250. Wa mlalo ni eneo 50 gawanya kwa 50, ambao ni 1. Seli imeshikamana na ya juu yake mara 250 kuliko na ya pembeni. Ukikata kati ya juu na chini, umekata mshipa, na ile Jacobi ya vitalu inayojifanya majirani hawapo itateseka.

Kwenye PFLOTRAN, gridi ya mraba inakatwa utakavyo kwa kadi ya `PROC`, yaani mstari kwenye faili la modeli:

```
PROC 16 8 1
```

Viini 128, hakuna mkato kati ya juu na chini. Kila mchakato unashika nguzo nzima kutoka juu hadi chini.

Umefaulu ukiona mizunguko imepungua bila kugusa solva. Isipopungua, seli zako si bapa kiasi hicho. Rudisha mgawanyo wa kawaida.

## Hatua ya 8: Washa diski tena

Sasa washa uandishi wa matokeo na upime tofauti. Kwa gridi yetu, kigezo kimoja ni megabaiti 15. Vigezo 20 ni megabaiti 307 kwa picha moja. Picha 500 ni gigabaiti 154. Utazitazama zote? Mimi hubakiza picha chache za modeli nzima, na kwa visima vya uangalizi nachukua vituo vichache kila hatua. Vituo ndivyo vinavyochorwa kwenye ripoti hata hivyo.

Tumia HDF5, muundo wa faili unaoruhusu michakato iandike pamoja. Faili za maandishi humlazimisha mmoja kukusanya kila kitu wengine wakitazama. Kama diski ni ya Lustre, mfumo wa faili wa klasta, tandaza saraka (faili lake ligawanywe kwenye diski kadhaa) kabla faili halijazaliwa, maana lililokwisha kuandikwa halitandazwi tena kwa amri hiyo:

```
lfs setstripe -c 8 matokeo/
```

Umefaulu ukiona uandishi uko chini ya asilimia 5 ya muda wote.

## Hatua ya 9: Chagua idadi ya viini

Rudi kwenye jedwali la hatua ya 5. Viini 16 vilitumia saa-kiini 7.1 kwa kipande. Viini 256 vilitumia 22. Ukiwa na mgao wa kila mwezi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utamaliza kazi yako au utakwama katikati.

Kwa kazi moja unayoihitaji upesi, simama mahali pa mwisho ambapo ufanisi bado uko juu ya asilimia 60 au 70. Kwenye jedwali letu ni 64, au 128 ukibanwa na muda. Kumbuka pia kumbukumbu inatosha kiasi gani: kemia ya viambajengo 15 ina vitalu vya 15 × 15, saba kwa seli, baiti 8 kila namba. Hiyo ni baiti 12,600 kwa seli, gigabaiti 24 kwa matriksi peke yake, na prikondishona ya ILU inaongeza kiasi kama hicho tena. Wakati mwingine unahitaji nodi ya pili kwa sababu ya nafasi, wala si kasi.

Lakini kama unaendesha modeli ile ile mara 100 ukibadilisha upitishaji wa miamba ili kupima mashaka, geuza mpango. Usiipe kila moja viini 256 na kuzipanga foleni moja moja. Gawanya 256 katika makundi 16 ya viini 16, kila kundi na modeli yake, kwa ufanisi wa asilimia 100:

```
mpirun -np 256 pflotran -input_prefix modeli -stochastic -num_realizations 100 -num_groups 16
```

Kwa namba za jedwali, vipande 100, kimoja kimoja kwa viini 256, ni sekunde 31,000. Kwa makundi 16 ni raundi saba za sekunde 1,600, jumla 11,200, mradi kila nodi isibebeshwe michakato mingi kuliko bomba lake lilivyokuonyesha kwenye hatua ya 4.